Majina ya Zambarau

Kabla ya adhana ya alfajiri, kisanduku cha batiri chini ya meza kilianza kulia: pii, pii, pii. Umeme ulikuwa umekatika tena. Nilikwenda sebuleni nikipapasa ukuta, nikabonyeza kifungo chake kikanyamaza, kisha nikafungua kompyuta ya mjukuu wangu Leila kabla batiri haijaisha. Nilikuwa na majina arobaini na moja ya kusoma, na nilipenda kuyamaliza kabla Leila hajaamka.

Ulikuwa mwaka 2017. Vita vya porini, vya Waluba na Watwa, vilikuwa vimeujaza mji wetu wa Kalemie watu. Walitoka upande wa Nyunzu, wa Kabalo na wa Manono, sufuria kichwani na mtoto mgongoni, wakajenga vibanda vya majani na maturubai kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Karibu kila familia ilikuwa imepoteza mtu njiani. Sisemi kufa, nasema kupotea: mnakimbia gizani, mnavuka mto, kukipambazuka mnatazamana na mmoja hayuko.

Leila, aliyekuwa akisomea kompyuta hapa hapa mjini, alifungua jukwaa kwenye intaneti akaliita Tuko Wapi. Unaandika jina la mtu unayemtafuta, mahali mlipopoteana na namba ya simu. Aliye mbali akimjua, anajibu chini ya jina lile. Wauguzi walilifungua kwenye simu zao, na makatekista, na madereva wa malori. Kwa wale wa kambini wasio na simu, sebule yetu ilikuwa wazi kila Alhamisi.

Aliyewaleta alikuwa Papa Hippolyte, katekista aliyekimbia pamoja na watu wa chapeli yake na kukaa nao kambini. Alikuja akisukuma baiskeli, na juu ya baiskeli alikuwa amemketisha mzee mmoja kipofu wa jicho moja, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Hakuwahi kusema kwamba amechoka. Akifika, alimteremsha mzee polepole, akamfunga vizuri kifungo cha shati, ndipo akabisha hodi.

Wa kwanza kuingia siku zote alikuwa Mama Bertille, mwanamke mrefu, mwembamba, wa kijiji kimoja cha njia ya Nyunzu. Mlangoni alivua kandambili akanawa miguu kwa maji ya pipa letu, kikombe kimoja tu, kwa kuwa alikwisha ona kwamba maji tunayateka mbali. Hakuna aliyemwambia. Na hakuja mikono mitupu. Leo fungu la sombe, yale majani ya muhogo, kesho kuni tatu. Mtu anayelala juu ya majani alimletea kuni mtu mwenye nyumba ya mabati.

Alikuwa akimtafuta binti yake Rachelle, wa miaka kumi na mitatu. Siku Leila alipoandika tangazo lake, mimi nilikuwa pale.

"Mulipoteana wapi, mama?" Leila alimwuliza.

"Kwenye mto, kwa Lukuga. Mutumbwi ulijaa. Mimi nilikuwa na mutoto mudogo wa dada yangu mukononi. Nikamwambia Rachelle, wewe muntu mukubwa, baki hapa, ngoja zamu ya pili, watakurudilia. Mutumbwi haukurudi. Kule ng'ambo walikuwa wameanza kupiga watu mishale."

"Alivaa nini?"

"Kitenge changu. Nilimuvalisha mimi mwenyewe, kwa sababu ya baridi."

Mama Bertille hakujua kusoma. Lakini jina la binti yake alilijua kwa umbo, kutoka kwenye daftari la shule: ile R kubwa mwanzoni, na zile l mbili ndefu karibu na mwisho, kama watu wawili waliosimama pamoja. Kila Alhamisi alisogea mbele ya kioo, akalitafuta katika orodha, akaliona, akasema, "Njo huyu," yaani ndiye huyu. Kisha Leila alimwambia kama kuna jibu, na jibu halikuwapo, na Mama Bertille alikwenda kukaa nyuma kabisa asimzibie mtu mwanga.

Jambo la rangi lilianza kwa mzee yule wa baiskeli. Leila hakulijenga jukwaa lake tangu msingi. Alilichukua tayari kwa watu fulani wa mbali wanaolitengeneza na kuligawa bure, na lilikuja na rangi zao. Herufi zilikuwa za kijivu hafifu juu ya weupe. Mzee alisogeza jicho lake zima hadi pua ikagusa kioo.

"Mama Zabibu," aliniuliza, "hii ni maandishi ao ni moshi?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, ingawa nami sikuwa nikiona vizuri. Leila alisema hilo ni kazi ya robo saa. Alinionyesha faili moja refu. Lugha yake inaitwa CSS, na si ngumu kuielewa: kila kitu kilicho kwenye ukurasa kina jina lake, na mbele ya jina unaandika rangi unayoitaka. Alilifungua faili la watengenezaji, akafuta rangi zao, akaandika zetu pale pale. Herufi zikawa nyeusi juu ya rangi ya maziwa, na majina yote ya waliopotea yakawa ya bulu iliyokolea.

"Sasa unaona, Papa?"

"Sasa naona hata wale wanaonidai," mzee alisema.

Tangu hapo mimi pia niliweza kusoma. Leila alinifundisha kushika kile kipanya na kubonyeza jina ili lifunguke. Nilianza na majina mawili kwa siku, kisha matano, kisha yote. Sikuwa na kazi nayo. Niliona tu kwamba si vizuri jina la mtoto wa mtu likae mle siku nzima bila kusomwa na mtu. Nilibonyeza, nikasoma kwa kidole, "kitenge cha kahawia, kovu kwenye kiwiko," nikamwombea, nikaenda kwa mwingine. Papa Hippolyte alinitania, "Mama Zabibu, ukiendelea hivi Leila atakosa kazi."

Jumatano moja tangazo lilitokea kwenye mashine kwamba watengenezaji wametoa toleo jipya la jukwaa, na anayechelewa kulichukua anaacha tundu ambalo watu wabaya wanaweza kuingilia. Namba za simu za watu waliokimbia vita zilikuwa mle. Leila hakungoja. Alilichukua siku ile ile jioni, akaona majina yote yapo na majibu yote yapo, akaenda kusoma masomo yake, kwa kuwa kesho yake alikuwa na mtihani.

Asubuhi yake, ile ya kisanduku kulia, nilipofungua, rangi zetu hazikuwapo. Herufi zilikuwa zimerudi kuwa moshi. Lakini kitu kingine kilikuwa kipya kwangu: kila jina nililolifungua na kulifunga liligeuka zambarau. Nilifungua mengine, yakageuka moja baada ya jingine mbele ya macho yangu. Sikuwahi kuona kitu hicho. Nilimwamsha Leila.

"Bibi, niache nivae, nitachelewa. Ni toleo jipya, limefuta rangi zangu. Nitarudisha jioni."

"Na hii ya zambarau?"

"Ni mashine inaonyesha ile umekwisha kufungua tangu toleo jipya liingie. Usijali."

Sikujali. Niliona hata ni msaada, maana sasa niliweza kujua nimefika wapi. Mpaka wageni wanafika, umeme ulikuwa umerudi, nami nilikuwa nimemaliza majina thelathini na tisa. Yalibaki mawili, yaliyoandikwa siku ile ya Jumatano, nayo yalikuwa bado ya bulu.

Leila alikuwa kwenye mtihani. Papa Hippolyte hakuingia. Alimteremsha mzee akaenda kutafuta dawa ya mtoto mmoja wa kambini. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na watu sita. Mama Bertille alinawa miguu, akaingia, akanipa sombe, akasogea mbele ya kioo kama kawaida yake. Alitafuta. Nilimwona akiliona jina. Hakusema "Njo huyu."

Alisogeza uso karibu na kioo, hata nikadhani kijivu kile kinamsumbua.

"Rangi imebadilika," alisema.

"Ndiyo, mama. Tangu leo asubuhi."

"Hizi za zambarau…"

"Hizi zimekwisha," nilisema.

"Zimekwisha."

"Ndiyo, mama. Hizi mbili za bulu ndizo bado."

Alitazama zile mbili. "Bado," alirudia. Nyuma yake mzee na wale wanawake wengine walikuwa wakisikiliza. "Na nani anaweka rangi, Mama Zabibu?"

"Mashine yenyewe njo inaweka."

"Haikosei?"

Nilimwonea huruma kwa vile alivyouliza. Nilidhani anaogopa kwamba tangazo la binti yake linapitwa bila kusomwa. Nilitaka atulie moyo.

"Haikosei," nilimwambia. "Mimi mwenyewe nimehakikisha alfajiri, moja moja. Ya Rachelle nimeihakikisha mara mbili."

Aliweka vidole viwili juu ya kioo, pale penye jina. Kisha akanigeukia akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Nimeona. Aksanti, mama. Aksanti kwa kutonificha."

Maneno hayo ya mwisho nilidhani nimeyasikia vibaya. Mmoja mmoja wakatazama kioo, wakatoka. Hakuna aliyekunywa chai. Mzee hakutania. Nilipochungulia dirishani nilimwona Mama Bertille ameinama mlangoni, akipanga kandambili za wenzake jozi jozi ili wasihangaike kuzitafuta. Nilisema moyoni mwangu, huyu mwanamke ana moyo mzuri, na nikaenda kuchambua sombe.

Jioni Leila aliketi kurekebisha, nami nikakaa karibu naye. Alikuwa amejikasirikia.

"Bibi, ile kazi ya kwanza sikuifanya vizuri. Niliona mto wa kulalia umechafuka nikaupaka rangi mto wenyewe. Wamekuja wameleta mto mupya, na rangi yangu imekwenda na ule wa zamani. Leo nashona foronya."

Faili la watengenezaji hakuligusa tena. Alianzisha lake, dogo, la mistari isiyozidi ishirini, akaliambia jukwaa lilisome baada ya lile lao. Pale maneno yanapogongana, alisema, la mwisho ndilo linaloshinda. Na watengenezaji wakileta toleo jipya mara kumi, faili letu litabaki kama lilivyo. Kwanza alitunza nakala ya kila kitu. Kisha aliandika mstari mmoja, akatazama ukurasa, akautazama kwenye simu pia, ndipo akaandika wa pili. Kwenye daftari aliandika alichobadilisha na kwa nini. "Nikikosea nafuta foronya tu," alisema, "mto unabaki muzima." Mwishoni aliandika mstari wa majina yaliyokwisha kufunguliwa, akayarudisha bulu kama mengine.

"Mimi niliipenda ile zambarau," nilimwambia.

"Inachanganya watu, Bibi. Tena ni hapa kwetu tu, kwa sababu wewe umeyafungua kwenye mashine hii. Mtu wa Kabalo akitazama sasa hivi anaona bulu."

Hivyo ndivyo tulivyosema, tukalala tukiwa na amani.

Alhamisi iliyofuata hakuja mtu. Mvua ilikuwa kubwa na tulisikia kwamba kambini wanagawa unga, basi sikushangaa. Jumamosi, saa nne asubuhi, Leila alipiga kelele chumbani nikadhani ameungua. Chini ya jina la Rachelle palikuwa na jibu. Limeandikwa na mtu anayeitwa Néhémie, muuguzi wa kituo kimoja cha afya upande wa Kabalo. Msichana yuko kwetu, aliandika. Aliletwa na wavuvi wa mto. Mguu umevunjika na kidonda kimeoza kidogo lakini tunakitibu. Hasemi sana. Anasema mama yake alimwambia angoje.

Leila alipiga simu hapo hapo. Néhémie alimpa mtoto simu, na Leila akanipa mimi, kwa sababu yeye alikuwa analia.

"Rachelle?"

"Ndiyo." Sauti ilikuwa ndogo, kavu.

"Mimi naitwa Mama Zabibu, wa Kalemie. Mama yako tunamjua. Yuko hapa kambini."

"Iko muzima?"

"Mzima kabisa. Tunakwenda kumwita sasa hivi utasikia sauti yake."

Niliyasema hayo. Nilimwahidi mtoto.

Tulichukua pikipiki, Leila na mimi juu ya moja, matope hadi magotini. Papa Hippolyte alikuwa mbele ya kibanda chake akifunga majani ya paa. Alipotuona tunacheka, alisimama na kuacha kamba ianguke.

"Rachelle amepatikana!" Leila alisema. "Mzima! Mwite Mama Bertille!"

Hakusogea. "Rachelle yupi?"

"Rachelle wa Mama Bertille, Papa! Tumesema naye kwenye simu!"

Aliketi chini kwenye matope yale, mtu mzima na suruali yake safi.

"Mama Bertille tulifanya kilio chake wiki iliyopita," alisema. "Kilio cha mutoto. Siku tatu. Alinyoa kichwa. Niliongoza sala mimi."

"Nani alikwambia mtoto amekufa?" nilimwuliza.

Alinitazama kwa upole, ule upole wa mtu anayeona jambo litakalokuumiza kabla wewe hujaliona. "Mama Zabibu, walisema ni wewe. Walisema mashine ilileta majina ya waliokufa, na uliwaambia ya zambarau wamekwisha, ya bulu bado. Mimi nilidhani wewe na Leila mumepata habari kutoka kwa wakubwa."

Leila alisema haraka haraka kwamba zambarau ni mashine tu, haimaanishi chochote, mtu yeyote anajua. Papa Hippolyte alitikisa kichwa.

"Katika chapeli yetu, Novemba tunawaombea marehemu. Majina yao tunayaandika kwenye karatasi na kuibandika karibu na altare. Tunayaandika kwa kalamu ya zambarau, kama kitambaa kinachofunika sanduku la maiti. Miaka kumi na tisa sasa. Asiyejua kusoma anajua ile rangi." Alitazama mikono yake. "Mimi njo nilikuwa naandika."

Sisi ni watu wa msikiti. Nyumbani kwetu maiti anafunikwa nguo nyeupe, na zambarau ni rangi ya nguo ya kwenda harusini. Nimekaa na Wakristo wa mji huu maisha yangu yote, nimekula Noeli kwao, wamekula Idi kwangu, na hilo sikuwa nalijua.

"Bertille yuko wapi?" niliuliza.

Alikuwa ameondoka Jumatatu. Alisema mtoto hawezi kubaki bila hata mkono mmoja wa udongo. Amekwenda kwa miguu, yeye na wanawake wawili, kuelekea pale kwenye kivuko cha Lukuga, kuutafuta mwili. Walimkataza, njia ile ilikuwa na watu wenye mishale na watu wenye bunduki. Alisema amekwisha mwacha pale mara moja, hawezi kumwacha mara ya pili.

Siku ile tulifanya mambo mawili. Papa Hippolyte alipanda pikipiki yetu akaenda mpaka kizuizi cha mwisho cha wanajeshi, akampa habari kila dereva, kila mpita njia: mwanamke mrefu aliyenyolewa, mwambieni mtoto yu hai, arudi. Leila alikaa kwenye simu. Na mimi nilikwenda kwa wale wengine watano waliokuja Alhamisi ile, kibanda kwa kibanda, kuwaambia kwamba sijui kama watu wao wamekufa, kwamba hakuna anayejua, kwamba ni maneno yangu.

Mzee wa jicho moja alikuwa akimtafuta mke wake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nirudie kungoja?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Nilikuwa nimepumzika kidogo," alisema. Kisha akanisogezea kigoda chake, yeye akakaa chini, kwa sababu aliniona bado nimesimama.

Mwanamke mmoja hakunikaribisha. Alikuwa amekwisha gawa nguo za mdogo wake kwa watu. "Wengine walituua na panga," aliniambia akiwa amesimama mlangoni. "Ninyi mulituua na rangi. Ondoka." Niliondoka. Alikuwa na haki ya kusema.

Siku ya tisa tangu waondoke, wale wanawake wawili walirudi bila Mama Bertille. Walikuwa wamefika karibu na kivuko. Watu walitoka kwenye majani. Hawakujua ni wa upande gani. Mama Bertille ndiye aliyekuwa mbele. Wale wawili walikimbia, wakamrudia jioni, wakamfunika kwa mchanga wa mtoni, wakaweka mawe. Habari zetu hazikuwa zimewafikia. Yule dereva aliyezibeba alizuiliwa njiani siku mbili.

Papa Hippolyte ndiye aliyempigia simu Néhémie, na Néhémie ndiye aliyemwambia mtoto. Mimi sikuthubutu kushika simu.

Leila hakulala siku zile. Nilidhani atalifunga jukwaa, naye alidhani hivyo pia, lakini majina mengine yaliendelea kuja. Alichofanya ni kuongeza maneno kando ya kila jina, kwa herufi nene: ANATAFUTWA. Au: AMEPATIKANA, YU HAI. Rangi peke yake isibebe habari ya mtu. Na kabla ya kubadilisha kitu chochote alimwita Papa Hippolyte, akamketisha mbele ya mashine, akamwuliza, "Papa, ukiona hii unaona nini?" Papa Hippolyte alijibu pole pole, kila siku, bila kumlaumu hata mara moja. Hilo sitalisahau.

Baada ya wiki tano walimleta Rachelle Kalemie kwa gari la wagonjwa, kwa sababu mguu ulihitaji kupasuliwa. Alilazwa kitanda cha karibu na dirisha, katika chumba cha wanawake kumi na wawili. Nilikwenda nikiwa na uji na kanga safi. Alikuwa na paji la uso la mama yake, lile lile, pana. Nilimpa uji akanywa nusu, akampa nusu nyingine mwanamke wa kitanda cha pili ambaye hakuwa na mtu wa kumpikia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Wewe njo ulisema na mimi kwa simu," aliniambia.

"Ndiyo."

"Ulisema nitasikia sauti ya mama."

"Nilisema."

Alichezea pindo la kanga. "Papa katekista aliniambia mama alikufa njiani, kwa Lukuga. Lakini mama alikuwa amekwisha vuka. Alifika huku. Kwa nini alirudi?"

Papa Hippolyte alikuwa ameniambia si lazima. Alisema mtoto akikua ndipo aambiwe. Nilitamani kumsikiliza. Lakini yule msichana alikuwa amengoja kwenye ukingo wa mto kwa sababu aliyemwambia angoje hakuwa mtu wa kumdanganya, na sasa alikuwa akinitazama mimi.

"Alirudi kukuzika," nilisema.

"Mimi?"

"Alidhani umekufa."

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

Nilimweleza yote, tangu asubuhi ile: rangi, karatasi ya Novemba, neno nililolisema na neno alilolisikia. Sikujitetea, wala sikulia, maana ningelia angelazimika kunibembeleza. Nilipomaliza, mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kunywa.

"Alilia?" Rachelle aliuliza.

"Mbele yangu hapana. Aliweka mkono kwenye jina lako."

Aligeuka akatazama ukuta. Nilikaa. Sikumgusa. Jua lilitoka kwenye kitanda chake likaenda kwenye kile cha jirani, na mke wa daktari, au labda muuguzi, sijui, alipita akaniletea kiti chenye mgongo bila kuniuliza mimi ni nani. Kisha kengele ya kutoa wageni ilipigwa. Watu walianza kukusanya vyombo vyao. Nami nilisimama, nikafunga kikapu, nikaona ni haki yake asinitazame.

Nilikuwa nimefika kitanda cha tatu aliponiita.

"Mama Zabibu."

"Naam, mwanangu."

Bado alikuwa ameelekea ukutani. "Kesho wananipasua mguu. Kila mtu hapa iko na mutu wake wa kungoja nje. Mimi sina."

Niliweka kikapu chini.

"Hata kama sitasema na wewe," alisema, "uje tena."